Mchanga kwenye Sanduku la Bibi

Inspekta alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akasugua vidole kama mtu anayekagua unga dukani.

"Mchanga," alisema.

"Hata mimi nimeandika hivyo tangu jana, afande," alijibu Sajenti. "Sikutaka kukuharibia raha ya kugundua mwenyewe."

Ilikuwa saa tatu asubuhi na ushee. Walikuwa wamesimama ndani ya sanduku la mbao lenye ukubwa wa chumba cha kulala, upande wa magharibi wa ukumbi mkuu wa jumba jipya la makumbusho ya kale, jumba lililobakiza siku tatu tu lifunguliwe. Ukumbi ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, wa kule walikuwa na muda wa kutosha kujadiliana kama ni mafua au vumbi.

Ndani ya sanduku hilo alitakiwa awemo Bibi. Bibi alikuwa sanamu ya jiwe jeusi, mwanamke aliyeketi na mikono magotini, aliyechongwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita na watu ambao majina yao hakuna ayajuaye. Uzito wake ulikuwa tani saba. Kwa kuwa hakukuwa na mlango wa kumpitisha, wajenzi walifanya kama wafanyavyo wajenzi wa majumba ya namna hiyo: walimwingiza kwanza, kwa winchi, kuta zikiwa bado kiunoni na paa halipo, wakamwacha ndani ya sanduku ili vumbi na cheche za kuchomelea zisimguse, kisha wakalijenga jumba kumzunguka.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo mafundi walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi, aliyepita mbele ya sanduku aligonga mbao mara moja na kusema, "Shikamoo Bibi." Aliyesahau alitaniwa kutwa nzima, na akijipiga nyundo kidoleni aliambiwa kajitakia mwenyewe.

Jana sanduku lilifunguliwa mbele ya kamati nzima. Ndani yake yalikuwamo magunia mia moja na arobaini ya mchanga. Watu mia tatu walikuwa wameuamkia mchanga kwa miaka mitatu.

Wengine walicheka, lakini mlinzi wa sanduku hakucheka. Mafundi walimwita Mzee Tochi, kwa sababu alitembea na tochi mkononi hata jua likiwa utosini. Saini yake ndiyo pekee iliyokuwa kwenye daftari la mapokezi. Jana ileile alinyang'anywa kitambulisho na tochi yake, na sasa alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi. Mkuu wa kituo alimwambia Inspekta waziwazi: ikifika saa kumi jioni bila maelezo mengine, mzee analala mahabusu na jina lake linasomwa kwenye taarifa ya habari. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu, baada ya miaka thelathini ya kulinda mali za watu bila kupoteza hata kitasa.

"Mimi sitaki kumwonea mtu, Inspekta," alisema Mama Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nje ya sanduku na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Lakini Bibi aliingia, na Bibi hayupo. Aliyekabidhiwa ni mmoja."

"Alitokaje, mama?"

"Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Inspekta alikubali kwamba ni kazi yake. Akachomoa mfukoni futi ya fundi cherehani, ile laini ya rangi ya njano, aliyorithi kwa mama yake. Kituoni walimwita Futi akiwapa kisogo. Alijua, wala hakujali.

"Mlango mpana kuliko yote humu una upana gani?" alimuuliza msanifu wa jengo. Msanifu alikuwa mtu wa shati jeupe, na lilikuwa jeupe kweli, jambo lililotosha kuonyesha kwamba hakai sana pale.

"Mita mbili na nusu."

"Na Bibi, pale alipo mwembamba?"

"Mita tatu. Waliomchonga hawakumnyima kitu."

Inspekta alikwenda kuupima mlango mwenyewe. Ulikuwa mita mbili na nusu kasoro kidole. Alirudi akikunja futi yake.

"Basi mlangoni hakupita."

"Paa lakini lilichelewa," alisema msanifu. "Tangu aingie mpaka tulipofunga paa zilipita wiki sita. Winchi iliyomwingiza ingeweza kumtoa."

"Na dereva wa winchi hiyo," aliongeza Mama Mkurugenzi, "aliondoka hapa wiki ileile paa lilipofungwa. Hakuaga mtu."

Sajenti aliandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mambo yalikuwa yamejipanga: mlinzi chini, dereva juu, Bibi akapaa, mchanga ukashika nafasi yake. Maelezo hayo yaliingia akilini vizuri mno, na Inspekta hakupenda maelezo yanayoingia bila kubisha hodi.

Aliwaacha wawili hao wakaenda zao, akaketi juu ya gunia.

"Sajenti, tuseme umekula nyama yote ya sufuriani, na hutaki mkeo ajue. Utafanyaje?"

"Nitafunika sufuria."

"Hutatia mawe ndani?"

"Mawe ya nini? Mfuniko unatosha, mpaka pale atakapoinua..." Sajenti alilitazama gunia. "Mpaka atakapoinua sufuria."

"Naam. Uzito humdanganya anayeinua. Sanduku hili nani kaliinua miaka mitatu hii?"

"Hakuna. Lilikuwa haliguswi, zaidi ya kugongwa na kuamkiwa."

"Sasa mwizi ahangaike kubeba magunia mia na arobaini ili amdanganye nani? Hesabu. Kila gunia kilo hamsini."

Sajenti alihesabu kwa midomo. "Tani saba kamili, afande."

"Kamili kabisa. Mwizi angekadiria tu. Huyu alipima. Mchanga huu haukuwekwa kwa ajili ya macho ya watu. Uliwekwa kwa ajili ya winchi."

Sajenti aliandika yote, pamoja na ile habari ya nyama, kisha akaikata habari ya nyama kwa sababu mkewe alikuwa na tabia ya kusoma daftari zake.

Mzee Tochi aliinuka walipomkaribia. Bila tochi, mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Keti, baba."

Waliketi wote watatu kwenye benchi, Sajenti akichukua nafasi ya wawili. Inspekta alifungua daftari la mapokezi.

"Hii ni saini yako?"

"Yangu. Hakuna mwingine mwenye mkia kama huo."

"Nisomee tarehe."

Mzee alilisogeza daftari mbali na macho. "Kumi na moja."

"Na hii ni hati ya lori lililomleta Bibi. Nisomee na hapa."

"Kumi na..." Alisita. "Kumi na mbili."

"Ulimpokeaje mgeni kabla hajafika?"

Mzee alizilinganisha zile karatasi mbili. Ilionekana dhahiri kwamba naye jambo hilo lilikuwa linamfikia kwa mara ya kwanza.

"Mimi sikupokea mgeni," alisema hatimaye. "Nilipokea sanduku. Ilikuwa siku yangu ya kwanza hapa. Mhandisi wa wakati ule alinionyesha sanduku, akasema chunga hili. Nikasaini, nikachunga."

"Tarehe kumi na mbili ulikuwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulikunjuka. "Hospitali. Binti yangu alikuwa anajifungua. Huyo mjukuu sasa hivi ana miaka mitatu, na ananiita kwa jina langu kana kwamba tulisoma wote."

"Uliporudi kazini ulikuta nini?"

"Nilikuta masanduku mawili."

Kalamu ya Sajenti ilisimama. Inspekta hakubadilisha sauti. "Mawili?"

"Mawili. Langu, na jingine kule mwisho, chini ya turubai. Nikaendelea na langu."

"Hukuuliza lile la pili ni la nani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvaa viatu vya jirani.

"Mwanangu, kwenye ujenzi mzigo usio wako huugusi, wala huuulizii. Ukiuulizia tu, umeshakuwa wako."

"Sasa hilo la pili likaenda wapi?"

"Sijui. Siku moja nilitazama kule, halipo. Nikajua wenyewe wamekuja kulichukua."

"Mbona jana hukuyasema haya?"

"Jana hakuna aliyeniuliza habari ya masanduku. Waliniuliza Bibi nimempeleka wapi." Mzee aliinamisha kichwa. "Na mimi nilikuwa nimeona haya, mwanangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nawakaripia wasiomwamkia."

Walipofika kwenye gari, Sajenti alikuna kidevu. "Afande, mzee amejimaliza. Kasema mwenyewe kwamba sanduku la Bibi liliondoka naye anatazama pembeni. Mkurugenzi akisikia hilo, saa kumi ataiona ni mbali."

Inspekta alijua hivyo, na moyo wake haukuwa mwepesi. Kila kitu sasa kilimngojea dereva wa winchi. "Washa gari," alisema.

Dereva walimpata saa sita kwenye ujenzi wa ghorofa za ofisi, mwendo wa nusu saa. Wenzake walimwita Ndege, na iliwabidi wamsubiri ateremke ngazi ndefu ya chuma, polepole, akisimama kila baada ya hatua kumi kupumzika. Alipokanyaga ardhi na kuambiwa wametoka makumbusho, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Bibi hajambo?"

Sajenti nusura ameze kalamu.

"Kwa nini umuulizie?" alisema Inspekta.

"Kwa sababu nilimshusha mimi. Sijawahi kushusha mzigo kwa upole kama ule. Mke wangu alikuja kutazama siku hiyo. Alisema hata yeye sijawahi kumshika vile."

"Inasemekana uliondoka bila kuaga."

"Niliaga. Nilimpigia Bibi honi mbili kutoka juu. Binadamu walikuwa wanakula."

"Siku ya kabla ya Bibi, ulishusha nini?"

"Mchanga," alijibu Ndege bila kufikiri. "Magunia mia na arobaini. Mzigo wa namna ile huuendei kichwakichwa, afande. Unafanya mazoezi kwanza, sanduku la ukubwa uleule, uzito uleule, ili ujue winchi itayumba vipi."

"Na mlilishusha mahali pa Bibi?"

"Hapana. Mahali pa Bibi zege lilikuwa limebakiza siku moja likomae. Mhandisi akasema pande mbili za ukumbi ni pacha, tufanyie mazoezi upande wa pili. Tukafanyia huko."

"Sanduku la mazoezi mkaliacha palepale?"

"Angelitoa nani? Kesho yake nilikuwa na Bibi, keshokutwa vyuma vya paa. Lakini tuliliandika JARIBIO, herufi kubwa kama mimi."

"Kwa rangi?"

"Kwa chaki."

Inspekta alimwacha asikie maneno yake mwenyewe. Ndege alitazama juu angani, kisha akatazama viatu vyake.

"Na paa halikuwepo," alisema taratibu. "Mvua ilianza wiki ileile."

"Ulipokuwa unamshusha Bibi, jua lilikuwa wapi?"

"Usoni. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nimeelekea mashariki. Nilimshusha huku nimefumba jicho moja."

"Ukamtoa tena lini?"

"Nimtoe nimpeleke wapi? Kwangu tayari nina mama mkwe." Alifungua begi lake na kutoa kitabu chenye jalada gumu lililopakaa grisi. "Kila mzigo unaopita tani tano dereva anauandika, na msimamizi anatia saini. Tazama kazi ile yote, tangu mwanzo hadi mwisho."

Inspekta alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, na Sajenti akarudia nyuma yake kuhakikisha. Tani saba ziliandikwa mara mbili tu, tarehe kumi na moja na tarehe kumi na mbili. Hakukuwa na mara ya tatu.

"Basi hajatoka," alisema Sajenti. "Bibi yumo ndani."

"Yumo ndani, na upande wa mashariki," alisema Inspekta. "Ila mashariki ndiko wote tulikoingilia asubuhi. Wewe ulimwona?"

"Tani saba, afande. Ningejikwaa."

Saa nane walikuwa wamerudi ukumbini. Inspekta aliomba ramani, na msanifu akaitandaza juu ya meza ya mbao iliyojaa misumari. Kwenye ramani Bibi alichorwa kama duara dogo, mwisho wa magharibi, palepale lilipokuwa sanduku la mchanga.

"Dereva anasema alimshusha mashariki."

"Mwanzoni mahali pake palikuwa mashariki," alisema msanifu. "Mlango mkuu ulikuwa uwe magharibi, wageni waingie wamwone kule mbele. Lakini chini ya ardhi ya magharibi kulikutwa maji. Mlango ukahamia mashariki. Mimi nilikuwa ofisini kwangu, mji mwingine, nikaigeuza ramani nzima, kushoto ikawa kulia, kama unavyogeuza shati."

"Bibi naye akahama?"

"Akahamia magharibi."

"Kwa winchi?"

"Kwa kidole," alisema msanifu, akibonyeza hewani kuonyesha jinsi kompyuta inavyofanya. Kidole kikabaki kinaning'inia. Shati lake jeupe lilianza kuloa kwapani. "Niliandika barua kwamba mahali pake pamebadilika. Nilipofika hapa miezi minne baadaye, nilikuta sanduku lipo pale pale nilipolichora. Nilifurahi sana. Niliwaambia watu, hawa mafundi wanaheshimu ramani."

"Na ulipoigeuza ramani," alisema Inspekta, "ni kitu gani kilichokuwa magharibi kikaja mashariki?"

Msanifu aliinama. "Chumba cha mabomba."

"Kiko wapi?"

Aliyeonyesha alikuwa Sajenti. Upande wa mashariki, pembeni kabisa mwa mlango ambao kila mtu aliuingilia, ulisimama ukuta mnene mweupe, safi, umepakwa rangi wiki iliyopita. Inspekta aliuzunguka akiupapasa kwa kiganja. Hakuona mlango, wala kidirisha, hata tundu la ufunguo.

Futi ya cherehani ilikuwa fupi kwa kazi iliyofuata, kwa hiyo waliazima mkanda mrefu wa mafundi. Sajenti alishika ncha moja, akiwa amechuchumaa na kuhema, na Inspekta akatembea na nyingine. Nje jengo lilikuwa na mita sitini na sita. Ndani, ukiacha unene wa kuta, walipata sitini tu.

"Mita tano na zaidi hazionekani," alisema Sajenti.

"Mama yangu alikuwa anasema kitambaa hakipotei. Ukikikosa kwenye nguo, tazama kwenye pindo." Inspekta aliugonga ukuta mweupe. Ukajibu kwa sauti ya ngoma. "Nani aliyejenga hapa?"

Aliletwa fundi wa jasi, mtu mfupi mwenye nywele nyeupe kwa vumbi la kazi yake, na mafundi wengine kama thelathini wakamfuata bila kuitwa. Mama Mkurugenzi naye alishuka. Inspekta alimwona akitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ukuta huu ni wako, fundi?"

"Wangu. Umenyooka. Lete pima-maji."

"Sina neno na unyoofu wake. Ndani kuna nini?"

"Chumba cha mabomba."

"Kina mabomba?"

"Hakina. Mafundi bomba walikuta mzigo wa watu ndani, wakayapitishia darini. Waliponiambia hawapahitaji tena, nikaona mlango wa nini. Nikaziba pote."

"Mzigo wa watu gani?"

"Wa watu wa viyoyozi. Lilikuwa sanduku kubwa chini ya turubai. Mzigo mkubwa mahali kama pale lazima uwe wa viyoyozi, ni mashine zao."

"Watu wa viyoyozi walikuambia ni lao?"

"Watu wa viyoyozi?" Fundi aligeuka, akamtafuta mmoja wao katika kundi. "Lile sanduku si lenu?"

"Sisi tulijua ni la mafundi bomba," alijibu yule.

"Sisi tulijua ni la umeme," alisema fundi bomba.

Fundi umeme aliinua tu mikono miwili.

"Hukujaribu kulisogeza?" Inspekta alimuuliza fundi wa jasi.

"Tulijaribu mara moja, lilikuwa linatunyima nafasi. Tulilisukuma watu wanane. Halikutikisika."

"Wanane?"

"Wanane, tena tulikuwa tumetoka kula." Fundi alisema hivyo kwa fahari, kisha fahari ikamtoka usoni kidogo kidogo. Alilitazama sanduku la mchanga kule mwisho, akautazama ukuta wake, akavua kofia. "Ee Mola wangu. Nimemzika Bibi."

"Umemhifadhi," alisema Inspekta. "Hana vumbi, hana cheche. Kata hapo. Ila ngoja kwanza." Alimgeukia Sajenti. "Mlete mzee. Na ile tochi yake, iko kwenye droo ya ofisini. Saini uichukue."

Mzee Tochi alikuja akitembea kama mtu anayepelekwa mahali asipopajua. Alipokabidhiwa tochi aliiwasha na kuizima mara mbili, kuhakikisha kwamba ni yake. Ndipo fundi wa jasi akakata ukuta wake alioupenda, vumbi jeupe likamwagika sakafuni. Nyuma ya ubao wa jasi palikuwa na turubai, na nyuma ya turubai palikuwa na mbao nene. Mafundi wawili waling'oa misumari, wakaondoa ubao mmoja wa juu, wakaweka ngazi.

"Panda wewe, baba," alisema Inspekta. "Wewe ndiye mwenye zamu."

Mzee alipanda ngazi, akaingiza tochi penye uwazi, akachungulia. Mwanga ulikuwa umeangukia jicho moja la jiwe, shavu, na pembe ya mdomo uliokuwa karibu kutabasamu. Bibi alikuwa anawatazama wote, kama alivyokuwa anawatazama miaka yote mitatu, hatua nne kutoka mlango waliouingilia kila asubuhi.

Machozi yalimtoka mzee, naye hakuyafuta. Alikuwa na furaha na alikuwa na aibu kwa wakati mmoja.

"Shikamoo Bibi," alisema. "Utusamehe. Tulikuwa tunasalimia jirani."

Kutoka nyuma ya kundi, fundi mmoja alijibu kwa sauti nyembamba ya kikongwe, "Marahabaa, wajukuu zangu," na ukumbi wote ukaangua kicheko. Fundi wa jasi alicheka hadi akaketi chini kwenye vumbi lake. Hata Mama Mkurugenzi alicheka, mkono mdomoni, kisha akaenda kusimama chini ya ngazi mpaka mzee aliposhuka.

"Mzee wangu, nilikukosea," alisema. "Nilikukosea mbele za watu, na nakuomba radhi mbele za watu." Akamvisha kitambulisho chake shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Inspekta alimpigia mkuu wa kituo. Ilikuwa saa tisa na robo. Mazungumzo yalikuwa mafupi, kwa sababu mkuu wa kituo alitaka tu kujua mwizi ni nani, na alipoambiwa ni chaki, alikata simu ili afikirie.

Aliyebaki na huzuni alikuwa msanifu. Alikuwa anazunguka ukuta uliokatwa, na ramani mkononi. "Anaelekea magharibi," alisema. "Mlango uko mashariki. Wageni wakiingia Jumamosi watakuta mgongo wake. Na winchi haiingii tena humu. Hakuna wa kumgeuza."

"Kwani ageuzwe?" alisema Mzee Tochi. "Yeye ndiye mkubwa humu ndani. Wageni ndio watakaozunguka, wakamsalimie usoni."

Msanifu alifungua mdomo apinge. Alitazama ukumbi, mwanga wa alasiri uliokuwa unaingia kutoka madirisha ya juu ya magharibi na kutua usawa wa ule uwazi, akafunga mdomo. Akatoa penseli na kuanza kuchora nyuma ya ramani, na muda si mrefu alikuwa anapiga mluzi.

"Ukuta wote ushuke?" aliuliza fundi wa jasi.

"Wote. Kabla ya Jumamosi."

"Na ulikuwa umenyooka," alisema fundi, akiisikitikia kazi yake, akaenda kuita watu wake wanane.

Sajenti alifunga daftari. Alikuwa na njaa, na aliona kesi imekwisha. Lakini Mzee Tochi alimshika Inspekta kiwiko.

"Mwanangu, lile daftari la mapokezi bado unalo?"

Inspekta alimpa. Mzee alilitandaza juu ya meza yenye misumari, akafungua ukurasa mpya, akaazima kalamu ya Sajenti. Aliandika polepole, akisoma kila neno kwa sauti: "Nimempokea Bibi mmoja wa jiwe. Nimemwona kwa macho yangu."

Kisha alimuuliza Inspekta leo ni tarehe ngapi, akamuuliza na Sajenti, akaiandika, akaisoma mara mbili, ndipo akasaini.